YBCO, BSCCO, MgB2 au za chuma: kabla ya kuuliza kelvini, uliza mwelekeo

Anayetaka kuchagua supakondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote, iwe ya kuonyesha darasani au ya kuandikia tasnifu, huanza na swali moja: inaanza kazi kwenye kelvini ngapi? Swali lenyewe si baya. Huku Dodoma lina uzito wa pesa, maana ndilo linaloamua kama utapoza kwa naitrojeni ya kimiminika (kelvini 77) au utabaki kutazama grafu za waliopoza kwa heliamu. Ila likiulizwa peke yake linapotosha. Ukipanga kwa kelvini tu, Bi-2223 (oksidi ya shaba yenye bismuthi, ya ukoo wa BSCCO) yenye 110 inaishinda YBCO (oksidi ya itriamu, bariamu na shaba) yenye 92, na zote mbili zinaiacha mbali MgB2 (magnesiamu na boroni) yenye 39. Ukiingia kazini mpangilio huo unapinduka, na kinachoupindua ni mwelekeo. Fuwele ni ile ile, sumaku ni ile ile, halijoto haijabadilika. Umeigeuza tu, na tayari una kitu kingine mkononi.

Wakataji wa vito wanalifahamu jambo hili vizuri. Tanzanaiti mbichi ya Mirerani ukiitazama upande mmoja ni bluu, ukiigeuza inaelekea zambarau, na upande wa tatu ina ukahawia ambao hutoka jiwe likichomwa. Mkataji huchagua mhimili upi utazame juu, na akiitaka bluu mara nyingi hukubali kupoteza uzito. Sasa chukua krisopresi ya Haneti, kule Chamwino. Ni kijani cha nikeli, kizuri kabisa, lakini igeuze utakavyo, rangi ni ile ile, kwa sababu jiwe zima ni chembe ndogo mno za kwatsi, kila moja imelala kivyake. Kidonge cha YBCO kilichookwa kwenye tanuru la maabara ni krisopresi. Fuwele moja iliyokuzwa polepole ni tanzanaiti. Wengi wananunua ya kwanza huku wakisoma makala za ya pili, kisha wanashangaa vipimo vyao havifanani na vya kwenye jarida.

Mwelekeo unatoka wapi

Kwenye oksidi za shaba, yaani YBCO na ndugu zake wa bismuthi (Bi-2212 na Bi-2223), usupakondakta unakaa ndani ya matabaka ya shaba na oksijeni. Katikati ya matabaka hayo kuna atomu nyingine ambazo kazi yake ni kuyashikilia na kuyarekebishia idadi ya elektroni. Mihimili a na b imelala ndani ya tabaka, mhimili c umesimama wima juu yake. Kukimbia ndani ya tabaka ni rahisi. Kuvuka kwenda tabaka la juu ni kazi.

Kazi hiyo hupimwa kwa namba moja, gama, γ. Ni uwiano wa uga sumaku wa mwisho ambao fuwele inaustahimili uga ukilala sambamba na matabaka, dhidi ya uga ukisimama kwenye c. Kwa supakondakta za kawaida, zenye pengo moja la nishati (ile inayohitajika kuvunja jozi za elektroni zinazobeba mkondo bila ukinzani), namba hiyo hiyo ndiyo uwiano wa kina ambacho uga unapenya na wa urefu wa jozi za elektroni, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata uwiano wa masi tendaji ya elektroni (uzito inaoonekana kuwa nao ikitembea ndani ya fuwele) kwenye mihimili hiyo miwili. Kwa YBCO, uga unapenya kama nanomita 150 pale mikondo ya kuuzuia inapozunguka ndani ya tabaka, na karibu nanomita 1,000 pale mikondo hiyo inapolazimika kupita kwenye c. Gawanya: unapata 7 hivi. Jozi ya elektroni nayo ina urefu wa nanomita 1.5 ndani ya tabaka, lakini kwenye c ni 0.2 hadi 0.3 tu, wakati kile kipande kidogo kabisa cha fuwele kinachojirudia kina kimo cha 1.17. Kwa kimo, jozi ni fupi kuliko chumba inamokaa. Hapo ndipo matatizo mengi ya oksidi za shaba yanapoanzia.

| Supakondakta | Halijoto ya mpito (kelvini) | γ | Kipoozeo |
|---|---|---|---|
| YBCO | 92 | 5 hadi 7 | naitrojeni |
| Bi-2212 | 85 hadi 95 | 50 hadi zaidi ya 200 | naitrojeni. Heliamu kwa sumaku kali |
| MgB2 | 39 | 2 hadi 6 | heliamu, au friji ya kelvini 20 |
| (Ba,K)Fe2As2 | 38 | 1 hadi 2 | heliamu, au friji ya kelvini 20 |
| Niobiamu-titaniamu | 9 na kidogo | 1 | heliamu |

Bi-2223 sikuiwekea mstari wake. Tabia yake ni ya Bi-2212 ikiwa na tabaka moja la shaba zaidi katika kila fungu. Na mtu asikariri hizo namba za bismuthi. Kiasi cha oksijeni kilichobaki ndani ya fuwele kikibadilika, γ nayo inabadilika, ndiyo maana karatasi mbili za watu makini zinaweza kutoa 60 na 200 na zote zikawa sahihi.

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaoendesha sumaku za MRI hospitalini, na ndio uliotumika kwenye sumaku kubwa za mashine ya kugonganisha chembe ya LHC kule Geneva, zinazopozwa hadi kelvini 1.9. Halijoto yake ya mpito ni ndogo kuliko zote, lakini haina mambo ya mwelekeo: unaivuta ikawa waya, unaizungusha upendavyo, basi. Mhandisi anaipenda kwa hilo.

Nyuzi moja ya kosa

Tuigeuze fuwele taratibu tuone. Kanuni yenyewe ni fupi: uga wa mwisho kwenye pembe θ kutoka mhimili c ni ule wa c ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha (cos²θ + sin²θ/γ²). Chukua kikokotoo.

YBCO, tuseme γ ni 7. Kwenye nyuzi 45 uga wa mwisho umepanda mara 1.4 tu. Kwenye nyuzi 80 umefika mara 4.5. Kwenye 89 ni mara 6.95, na ukilala kabisa kwenye 90 ni mara 7. Mlima ni mpana; ukikosea nyuzi moja kileleni unapoteza chini ya asilimia moja.

Bi-2212 sasa, γ iwe 100. Kwenye nyuzi 45 ni mara 1.4, sawa kabisa na YBCO. Kwenye 80 ni mara 5.75, bado hakuna cha ajabu. Kwenye 89 ni kama mara 50. Kwenye 90 ni mara 100. Nyuzi moja ya mwisho imebeba nusu ya kilele chote.

Hilo likukae, maana linaamua vifaa. Fuwele hubandikwa kwenye kishikilia sampuli kwa grisi au gundi kidogo, na grisi isiyo sawa pande zote inatosha kuiinamisha zaidi ya nyuzi moja bila jicho kuona. Kwa YBCO hutajua hata kama kosa lilitokea. Kwa Bi-2212 utakuwa umepima nusu ya kitu na kukiandika kama kizima. (Na hata kanuni yenyewe huanza kuchoka ukifika huko, kwa sababu inachukulia fuwele ni kitu kimoja kisichokatika, ilhali Bi-2212 ni matabaka yanayoshikana kwa taabu.) Kwa hiyo maabara isiyo na kigeuzio cha sampuli kinachosoma sehemu za kumi za nyuzi isianze na bismuthi kwa kipimo hiki. Ianze na YBCO, ijifunze, ndipo ivuke.

Haimaanishi kwamba bismuthi haifai. Fuwele zake hubanduka kwa selotepu: unabandika, unavuta, na uso mpya unatoka safi na bapa. Wapimaji wa uso wa fuwele wanaitafuta kwa sababu hiyo hiyo. Pia kule kushikana kwa taabu kwa matabaka kunageuka mtaji, maana kati ya fungu moja la matabaka na jingine, umbali wa nanomita 1.5, kuna kiungo cha Josephson, yaani kizuizi chembamba ambacho jozi za elektroni hukivuka bila ukinzani, na hakikutengenezwa na mtu. Kleiner na Müller walilionyesha jambo hilo mwaka 1992, na mwaka 2007 kikundi cha maabara ya Argonne, Marekani, kikaonyesha rundo la viungo hivyo likitoa mawimbi ya terahezi. YBCO haiwezi kukupa hilo kwa urahisi huo.

Kelvini 110 inaposhindwa na 92

Weka Bi-2223 na YBCO kwenye naitrojeni, kisha simamisha uga kwenye mhimili c. Uga unaingia ndani kama nyuzinyuzi za vorteksi, yaani vimbunga vidogo vya mkondo, kila kimoja kikibeba uga kidogo. Ndani ya YBCO uzi wa vorteksi unapita tabaka hadi tabaka ukiwa bado uzi, na kasoro ndogo za fuwele zinaukamata mahali ukatulia. Ndani ya bismuthi uzi unakatika vipandevipande, kila tabaka na kipande chake bapa, na joto la naitrojeni linatosha kuvisukuma huku na huku. Vorteksi ikisogea, ukinzani unarudi. Matokeo: YBCO kwenye halijoto hiyo inabeba mkondo bila ukinzani hata kwenye uga wa tesla kadhaa, wakati bismuthi inasalimu amri kwenye sehemu ndogo tu ya tesla moja.

Igeuze sasa ili uga ulale sambamba na matabaka, na bismuthi inapata nafuu kubwa. Ndiyo sababu waya zake ni tepe bapa zilizokandamizwa ndani ya ganda la fedha, matabaka yakilala na utepe. Mwaka 2014 mji wa Essen, Ujerumani, ulizika kebo ya Bi-2223 yenye urefu wa kilomita 1 na volti 10,000 katikati ya mji. Ilifaa, kwa kuwa ndani ya kebo uga ni mdogo, na sehemu yake kubwa inalala sambamba na utepe. Ungeipa kazi ya sumaku kali kwenye naitrojeni ungetupa fedha mara mbili, ya kununulia na ile ya kwenye ganda.

Tangu SGR ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, huulizwa sana kama treni ile inatumia supakondakta. Haitumii. Inavuta umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu na inakwenda kwa magurudumu juu ya reli. Ile ya Japani ya Yamanashi, iliyofika kilomita 603 kwa saa mwaka 2015, ndiyo inayobeba sumaku za supakondakta, nazo ni za niobiamu-titaniamu.

Ndani ya tabaka nako kuna mwelekeo

Watu wakishaelewa c dhidi ya ab hudhani wamemaliza. YBCO ina minyororo ya shaba na oksijeni iliyonyooka upande wa b, na kwa fuwele nzuri iliyojaa oksijeni, ukinzani wa upande wa b katika hali ya kawaida ni kama nusu ya ule wa a. Lakini fuwele ikipoa kutoka tanuruni hujigawa maeneo madogo, a na b zikibadilishana nafasi, na ukiipima unapata wastani tu. Wanaotaka kuitenganisha huipasha moto huku wakiibana upande mmoja mpaka a na b zijipange. Ni kazi ya subira, na si ya kuanzia.

Halafu kuna pengo la nishati lenyewe. Kwenye oksidi za shaba pengo ni kubwa ukielekea kwenye vifungo vya shaba na oksijeni, na linafika sifuri kwenye nyuzi 45 katikati yake. Tsuei, Kirtley na wenzao wa IBM walilithibitisha mwaka 1994 kwa pete ya YBCO iliyoungwa kutoka fuwele tatu zilizogeuzwa kwa pembe walizozichagua, na pete hiyo ikajizalishia nusu ya kipimo cha msingi cha mtiririko wa sumaku. Kwangu mimi hilo ni jaribio zuri kuliko yote ya fani hii: walichokibadilisha ni pembe tu.

Krisopresi inapobeba mkondo, na inapokataa

Turudi kwenye kidonge kilichookwa. Mwaka 1988 Dimos, Chaudhari na Mannhart walikuza YBCO juu ya fuwele mbili zilizounganishwa kwa pembe, wakapima mkondo unaovuka mpaka. Kadiri pembe inavyokua, mkondo unaporomoka, na ukipita nyuzi 10 hivi mpaka unakuwa kizuizi. Kumbuka zile jozi fupi za elektroni: mpaka wa chembe ni mnene kwao. Kidonge cha tanuru kina mipaka ya pembe za kila aina, kwa hiyo chembe moja moja ni supakondakta safi, lakini mkondo wa kidonge kizima ni haba.

Kwa sababu hiyo tepe za YBCO za viwandani ni ghali. Mtengenezaji analazimika kuanza na utepe wa chuma, ajenge juu yake tabaka nyembamba za oksidi zinazolazimisha atomu zijipange, ndipo aweke YBCO kwa unene wa mikromita moja au mbili, karibu chembe zote zikitazama upande mmoja kwa kilomita nzima. Sehemu kubwa ya gharama unayolipa hapo ni ya mwelekeo.

MgB2 haina tatizo hilo, na ndilo jambo linalonifanya niitetee. Akimitsu na wenzake wa Japani waliitangaza mapema mwaka 2001, ingawa kemikali yenyewe ilikuwa ikijulikana tangu miaka ya 1950 bila mtu kuipoza na kuipima. Mipaka ya chembe zake haizuii mkondo. Unaweza kujaza unga kwenye bomba la chuma, ukalivuta likawa waya, ukalichoma, na mkondo ukapita vizuri. Fuwele yake ni rahisi pia: karatasi za boroni zenye umbo la pembe sita na magnesiamu katikati. Kwa fuwele safi uga wa mwisho ni kama tesla 3 kwenye c na zaidi ya 15 sambamba na karatasi. Ubaya wake ni kelvini 39, na fuwele moja kubwa ni adimu. Hukuzwa chini ya mgandamizo mkubwa sana na mara nyingi hutoka ndogo kuliko milimita moja.

Za chuma (Fe) nitazipitia haraka. Hosono wa Japani alifungua mlango mwaka 2008 kwa ile ya kelvini 26. Nazo zina matabaka, za chuma na arseniki, na kila mtu alitegemea zingefuata nyayo za shaba. Mwaka 2009 (Ba,K)Fe2As2 ilipimwa kwenye uga mkali, na kwenye halijoto ya chini uga wa mwisho ukatoka karibu sawa pande zote. Kumbe kuwa na matabaka hakutoshi kukupa γ kubwa. Ni jambo la kuvutia mno kulisoma. Kulitengeneza ni habari nyingine: arseniki inahitaji kisanduku cha glavu chenye gesi safi, na mahali pasipo nacho pasiguse.

Naitrojeni ya Dodoma

Huku kwetu naitrojeni ya kimiminika inajulikana zaidi kwa wafugaji kuliko kwa wanafizikia. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, na wahimilishaji hubeba mitungi yao wakiwa na mirija ya mbegu za madume. Ukiitafuta, pita ofisi ya mifugo kabla ya kuzunguka maduka ya kemikali. Mtungi wa mhimilishaji una shingo nyembamba ili usipoteze kimiminika. Kwa onyesho utahitaji cha kumiminia, na boksi la stairofomu linatosha. Madirisha wazi, viatu vilivyofunika mguu, miwani, na usikifunge chombo mfuniko wa kubana.

Mji uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo naitrojeni inachemka karibu kelvini 1 chini ya ile 77 ya vitabuni. Kwa YBCO ni zawadi ndogo, na ukipima, andika 76 na kitu, usinakili kitabu. Zawadi nyingine ni kiangazi chetu kikavu: barafu haijazani juu ya sampuli kama inavyofanya Dar es Salaam, na YBCO, ambayo unyevu huiharibu taratibu, inadumu zaidi. Ikifika masika ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa chenye vikausho.

Heliamu ya Rukwa, iliyotangazwa 2016, isikupe haraka. Gesi iliyo ardhini na kimiminika cha kelvini 4.2 ndani ya chupa ya maabara ni safari mbili tofauti.

Sasa, nani achukue nini

Mwalimu anayetaka sumaku ielee mbele ya darasa achukue YBCO, na si kidonge cha kuokwa bali kipande cha chembe moja kilichokuzwa kutoka mbegu ya fuwele. Unakitambua kwa macho: uso wa juu una mistari inayoanzia kwenye mbegu katikati na kukimbilia pande nne, ikiacha alama ya msalaba. Msalaba ukiwa mzima hadi kingoni, c imesimama wima na mikondo itazunguka ndani ya matabaka, inavyotakiwa. Ukikatika, kuna chembe nyingine imeingia, na kipande kitabeba kidogo. Muuzaji asiyetaka kutuma picha ya uso wa juu, mwache. Vipande vya aina hii, vya gadoliniamu badala ya itriamu, viliwahi kunasa tesla 17.6 kwenye kelvini 26 pale Cambridge mwaka 2014.

Angalizo moja kwa mwalimu huyo. Sumaku ikining'inia chini ya kipande, au ikisimama imeinama, wanafunzi watashangilia na utashawishika kusema huo ndio mwelekeo wa fuwele. Sio. Hiyo ni kazi ya vorteksi zilizonaswa, na hata kidonge cha krisopresi kitafanya hivyo kwa udhaifu. Ukitaka kuonyesha mwelekeo wenyewe, pata kipande kilichokatwa mchemraba, kipoze kikiwa kimelala, kisogeze kwenye sumaku iliyo juu ya mizani ya jikoni, soma namba. Kisha kiache kipate joto, kilaze ubavu, rudia kwa umbali ule ule. Namba ya pili inashuka wazi. Hapo umeonyesha c bila mashine ya mamilioni.

Anayetaka kuoka mwenyewe, oksidi ya itriamu, kabonati ya bariamu na oksidi ya shaba huingia tanuruni kwenye selsiasi 900 na ushee, kisha kidonge kinapozwa polepole penye oksijeni. Kabonati ya bariamu ni sumu, isishikwe kwa mikono mitupu. Ni kazi nzuri ya shahada ya kwanza, mradi kichwa cha ripoti kisiwe na neno mwelekeo. Kidonge hakina.

Anayepima kwa vifaa vya maabara ya mshirika nje ya nchi, na muda wake huko ni mfupi, namshauri YBCO tena, kwa zile hesabu za nyuzi moja. Bismuthi aichukue kama swali lake ni la uso wa fuwele au viungo vya Josephson.

Mwanafunzi wa uzamili pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye kompyuta nzuri na asiye na kipoozeo chochote, huyo ndiye ningemweka kwenye MgB2 bila kusita. Mshikamano wa elektroni zake unatokana na mitetemo ya atomu, jambo ambalo programu za bure kama Quantum ESPRESSO na EPW zinaweza kulikokotoa tangu mwanzo mpaka kwenye pengo la nishati kwa kila upande. Oksidi za shaba zinazishinda programu hizo, kwa kuwa elektroni zake zinasukumana kwa nguvu kuliko nadharia hiyo inavyoruhusu; utapata namba, ila hazitakuwa na maana.

Na akiandika pendekezo la utafiti asiandike γ moja. MgB2 ina mapengo mawili: la milielektroni-volti 7 hivi kwa elektroni zinazobaki ndani ya karatasi za boroni, na la 2.5 hivi kwa zile zinazotembea pande zote. Kwa hiyo ule usawa niliouandika juu, wa γ ya uga na γ ya kina, hapa unavunjika. Kwenye halijoto ya chini γ ya uga wa mwisho ni 5 hadi 6 wakati γ ya kina cha upenyaji iko karibu na 1. Kadiri unavyopanda kuelekea kelvini 39, ya kwanza inashuka na ya pili inapanda mpaka zinakutana kati ya 2 na 3. Msimamizi akiuliza γ ni ngapi, jibu lianze na swali: ipi, na kwenye kelvini ngapi?